MICHEZO YA MANENO YA KIINGEREZA: MAANA YAKE NA MATUMIZI YAKE YA KILA SIKU



Siku yangu ya pili katika kidato cha kwanza, mwalimu wetu wa Kiingereza aliingia darasani akiwa mchangamfu sana, akaandika ubaoni sentensi moja fupi: "What has four wheels and flies?" Akatuambia hicho ni kitendawili, anayejua jibu anyooshe mkono.

Mimi nilikuwa nimetoka shule ya msingi na alama nzuri za Kiingereza, na maneno yote yale sita nilikuwa nayajua. "Four wheels" ni magurudumu manne. "Flies" ni kuruka angani. Sasa ni kitu gani chenye magurudumu na kinaruka? Nikanyoosha mkono haraka, nikajibu kwa sauti: "Aeroplane!" Wenzetu wachache waliosoma shule za Kiingereza wakaangua kicheko, na waliobaki wakacheka kwa kuwafuata. Mwalimu akasema, "Hapana, ni lori la taka," kisha akaendelea na somo. Hakueleza kwa nini.

Nilikaa chini nikiwa nimeona haya. Muhula ule mzima sikunyoosha mkono tena katika kipindi cha Kiingereza, na muhula uliofuata vilevile. Ilikuwa kidato cha tatu, ninasoma Biolojia peke yangu usiku, nilipokutana na neno "flies" katika sura ya wadudu wanaoeneza maradhi. Nzi! Lori la taka lina magurudumu manne na lina nzi. Nikacheka peke yangu mpaka wa chumba cha pili wakauliza kulikoni.

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu najua kuna wengi kati yenu wanaonyamaza darasani hivi leo kama nilivyonyamaza mimi. Usiku ule nilielewa jambo moja: siku ile sikukosa kwa kutojua maneno. Nilikosa kwa kutojua kwamba neno lilikuwa linachezewa. Makala haya yanakusudia kueleza michezo ya maneno ya Kiingereza ni nini, inafanyaje kazi, inatumika wapi katika maisha ya kila siku, na inamfaa nini mwanafunzi.

MAANA YA MICHEZO YA MANENO

Mchezo wa maneno ni kulitumia neno kwa namna inayomfanya msomaji au msikilizaji alitazame neno lenyewe, si maana yake tu. Katika mazungumzo ya kawaida tunapita juu ya maneno kama tunavyopita barabarani. Hatutazami barabara, tunatazama tuendako. Katika mchezo wa maneno tunasimama na kuitazama barabara yenyewe: herufi zake ni zipi, sauti yake inafanana na ya nani, na maana zake ni ngapi.

Jambo hili si geni kwetu. Mtoto wa Kiswahili anakua akisikia "Kitendawili!" na kuitikia "Tega!" Tunajua utani wa neno "paa", ambalo ni mnyama, ni sehemu ya nyumba, na tena ni kitendo cha kwenda juu. Tunavyo vitanza-ndimi kama kile cha wale wa Liwale wala wali. Watoto wa pwani na visiwani wamekuwa wakizungumza kinyume, yaani kuichukua silabi ya mwisho na kuitanguliza, ili wakubwa wasifahamu: "maji" inakuwa "jima", na "kitabu" inakuwa "bukita". Watoto wa Kiingereza nao wana mchezo wa aina hiyo. Wao huchukua konsonanti za mwanzo wa neno, wakazipeleka mwisho na kuongeza "ay". "Book" inakuwa "ookbay" na "school" inakuwa "oolschay".

Kwa hiyo mwenye Kiswahili haingii katika michezo hii mikono mitupu. Anachohitaji ni kujua Kiingereza kinachezewa sehemu gani.

KWA NINI KIINGEREZA KINACHEZEKA SANA

Katika Kiswahili, neno linaandikwa kama linavyotamkwa. Ukilisikia unaweza kuliandika, na ukiliona unaweza kulisoma hata kama hujui maana yake. Katika Kiingereza herufi zina njia yake, sauti ina njia yake, na maana ina njia yake. Mara nyingine njia hizo zinakutana, na mara nyingine zinaachana kabisa.

Tazama herufi "ough". Katika "though" zinatamkwa kama "o", katika "through" kama "u", katika "tough" kama "af", na katika "cough" kama "of". Herufi ni zilezile nne, sauti ni nne mbalimbali. Waingereza wenyewe wanalifanyia jambo hili mzaha: wanasema neno "fish" lingeweza kuandikwa "ghoti". Chukua "gh" kama ilivyo katika "enough", "o" kama ilivyo katika "women", na "ti" kama ilivyo katika "nation". Jumlisha, upate samaki!

Sababu ya hali hii ni historia. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, na maneno mengi ya Kifaransa yakaingia na tahajia zake. Mwaka 1476 William Caxton alianzisha mtambo wa kupiga chapa huko Westminster, London, na kuanzia hapo tahajia ikaanza kutulia vitabuni. Lakini matamshi ya watu hayakutulia. Irabu ndefu za Kiingereza zilibadilika sana kati ya karne ya 15 na ya 17, huku maandishi yakibaki karibu palepale. Zamani "k" ya "knight" ilitamkwa. Leo haitamkwi, na "knight" ambaye ni askari wa farasi analingana kwa sauti na "night" ambao ni usiku.

Ndiyo maana mwanafunzi wa Kiingereza anaandika "I was sick last weak" akidhani amesema wiki iliyopita, kumbe ameandika neno la mtu dhaifu. Asione aibu sana. Pale alipojikwaa yeye ndipo wenye lugha yao wanapochezea.

AINA ZA MICHEZO

Michezo ni mingi, lakini karibu yote inaingia katika makundi manne.

1. Michezo ya herufi

Hapa herufi zinachukuliwa kama mawe ya bao, unazipanga na kuzipangua. Herufi za "listen", yaani sikiliza, ukizipanga upya unapata "silent", yaani kimya. Herufi nne za "stop" zinatoa pia "post", "spot", "pots", "tops" na "opts".

Kuna maneno yanayosomeka sawa ukianzia mbele au nyuma: "noon", "level", "radar", "madam". Hata sisi tunayo: jaribu "ini" na "ama".

Kuna ngazi ya maneno, mchezo alioubuni Lewis Carroll, mwandishi na mwalimu wa hisabati wa Oxford, mwaka 1877. Unapewa maneno mawili yenye idadi sawa ya herufi, nawe utoke la kwanza ufike la pili kwa kubadili herufi moja tu kila hatua, na kila hatua iwe neno la kweli. Kutoka "cat" hadi "dog" njia ni hii: cat, cot, dot, dog. Paka amekuwa mbwa kwa hatua tatu.

Na kuna sentensi inayokusanya herufi zote 26 za alfabeti ya Kiingereza: "The quick brown fox jumps over the lazy dog." Huenda umeshaiona kwenye kompyuta unapochagua aina ya maandishi. Si sentensi ya hekima, ila kwa kuwa haiachi herufi hata moja, waliojifunza kupiga chapa waliitumia kuzoeza vidole.

2. Michezo ya sauti

Hapa maneno mawili yana sauti moja lakini maandishi na maana mbalimbali. Watoto wa Kiingereza huulizana: kwa nini sita inamwogopa saba? Jibu: "Because seven eight nine." Ukilisoma jibu hilo ni kuhesabu tu, saba, nane, tisa. Ukilisikia, "eight" ina sauti moja na "ate", yaani alikula. Saba alimla tisa! Ndiyo maana sita ana hofu.

Katika kundi hili wamo pia vitanza-ndimi. Kimoja kinatuhusu sana sisi: "red lorry, yellow lorry". Kiseme mara tano kwa haraka. Wapo wengi kwetu ambao katika lugha zao za nyumbani "r" na "l" hazitofautishwi, nao wanapata taabu hapa. Lakini wajue kwamba Mwingereza mwenyewe naye anajikwaa. Kitanza-ndimi hakikutungwa kumcheka mgeni, kimetungwa kumshinda kila mtu.

3. Michezo ya maana

Hili ndilo kundi la lile lori langu la taka. Neno ni moja, linaandikwa namna moja na kutamkwa namna moja, lakini lina maana mbili. Mchezaji anakuongoza kwenye maana ya kwanza, kisha anakushtua kwa ya pili. "Flies" inaweza kuwa kitendo na inaweza kuwa nzi wengi. Sentensi yote inageuka kwa neno hilo moja: si "ina magurudumu manne, tena inaruka", bali "ina magurudumu manne na ina nzi".

Mfano mwingine: kwa nini kitabu cha hisabati kilikuwa na huzuni? "Because it had too many problems." Neno "problems" ni matatizo ya maisha, na ni maswali ya hesabu vilevile. Mwanafunzi yeyote anamhurumia.

4. Michezo ya kuunganisha maneno

Hapa mwanzo wa neno moja unaunganishwa na mwisho wa jingine. Moshi ni "smoke", ukungu ni "fog", na ule moshi mzito wa mijini unaitwa "smog". "Breakfast" na "lunch" vimezaa "brunch", chakula cha mtu aliyechelewa kuamka. Usidhani ni mambo ya kigeni tu. Jina la nchi ya Tanzania, lililoanza kutumika mwaka 1964, limeundwa kwa kuunganisha mwanzo wa Tanganyika na mwanzo wa Zanzibar.

MICHEZO MIWILI MASHUHURI

Krosiwadi. Huu ni ule mchezo wa miraba katika magazeti, ambamo maneno ya kulala na ya kusimama yanapishana na kuchangia herufi. Ya kwanza ilitungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyekuwa akifanya kazi Marekani, ikatoka katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Mwaka 1924 kikatoka kitabu cha kwanza cha krosiwadi huko Marekani, na mwaka 1930 gazeti la The Times la London nalo likaanza kuchapisha yake.

Waingereza wakatia ufundi wao, wakatengeneza krosiwadi za mafumbo. Humo kidokezo hakikwambii jambo waziwazi. Chukua mfano huu: "Quiet when listen is broken", herufi sita. Anayesoma juu juu anaona sentensi isiyo na maana. Anayejua mchezo anajua kwamba kidokezo kina sehemu mbili. "Quiet" ndiyo maana ya jibu. Maneno "listen is broken" yanakwambia uivunje "listen" na kuzipanga herufi zake upya. Jibu ni "silent". Kila kidokezo kinakudanganya mbele na kukwambia kweli nyuma.

Katika Vita Vikuu vya Pili mchezo huu ulizua kisa cha ajabu. Katika mwezi wa Mei na siku ya kwanza ya Juni 1944, krosiwadi za gazeti la Daily Telegraph zilitoa majibu haya: Utah, Omaha, Overlord, Mulberry na Neptune. Yote matano yalikuwa majina ya siri ya mpango wa majeshi ya Washirika kuvuka bahari na kutua Normandy, Ufaransa, jambo lililofanyika tarehe 6 Juni 1944. Maofisa wa usalama walimwendea mtungaji, mwalimu mkuu wa shule aliyeitwa Leonard Dawe, wakamhoji. Haikuonekana kwamba ni jasusi, wakamwacha. Miaka mingi baadaye, mwaka 1984, mmoja wa wanafunzi wake wa zamani alieleza kwamba mwalimu wao alikuwa akiwapa wanafunzi miraba mitupu waijaze maneno, kisha yeye anatunga vidokezo. Shule ilikuwa karibu na kambi za wanajeshi, na maneno yale wanafunzi waliyaokota kwa askari, bila kujua uzito wake. Tazama basi: neno ulilolichukua kwa mchezo laweza kuwa zito kuliko unavyodhani.

Scrabble. Mchezo huu ulianzishwa miaka ya 1930 na Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyekosa kazi wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Alikaa na magazeti akahesabu kila herufi inatokea mara ngapi. Iliyozidi sana ni E, na zilizo adimu ni kama Q na Z. Kwa hesabu hiyo akagawa vibao vyake. Leo mchezo una vibao 100 na ubao wa miraba 225. E zipo 12, na kila moja ina pointi 1 tu. Q ipo moja na Z ipo moja, kila moja ina pointi 10. Jina la Scrabble lilianza mwaka 1948. Fikiri kidogo: kama Butts angehesabu magazeti ya Kiswahili, ni herufi gani ingekuwa nyingi? Bila shaka A, na Q isingepata kibao.

Mwaka 2015 yalitokea mambo mawili ya kukumbukwa katika mchezo huu. La kwanza, Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa, ilhali hazungumzi Kifaransa. Alikariri orodha ya maneno yanayokubaliwa, bila kujishughulisha na maana zake. La pili, mwezi wa Novemba mwaka huohuo, Wellington Jighere wa Nigeria alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza mjini Perth, Australia, akawa Mwafrika wa kwanza kuutwaa.

Mabingwa hawa wawili ni somo. Wa kwanza anatuonyesha nguvu ya kukariri, na pia mpaka wake: unaweza kushinda mchezo wa herufi bila kujua maana, lakini huwezi kuagiza chai kwa lugha hiyo. Wa pili anatuonyesha kwamba Kiingereza cha shuleni, lugha ambayo Mwafrika aliikuta darasani, kinaweza kumfikisha mtu kileleni.

MATUMIZI YA KILA SIKU

Huenda msomaji akasema: haya ni ya mabingwa, mimi yananihusu nini? Jibu ni kwamba michezo ya maneno imejaa pande zote.

Katika simu. Anayeandika "gr8" badala ya "great" au "B4" badala ya "before" anachezea sauti za tarakimu. Vijana wetu wamekwenda mbali zaidi. Wanaandika "2taonana" na "wa2". Je, umewahi kufikiri kwa nini tarakimu 2 inasomwa "tu"? Ni kwa sababu kwa Kiingereza inaitwa "two". Umeisoma tarakimu kwa Kiingereza ndani ya neno la Kiswahili! Kumbe unacheza mchezo wa lugha mbili kila siku na hujui. Ila usiupeleke kwenye karatasi ya mtihani.

Katika matangazo na magazeti. Wenye biashara wanapenda jina lenye maana mbili kwa kuwa halisahauliki. Nchini Uingereza na Marekani yapo maduka ya nywele yanayojiita "Curl Up and Dye". Kwa sikio, ni kama mtu anaambiwa ajikunje afe, kwa kuwa "dye" ina sauti moja na "die". Kwa jicho, ni kukunja nywele na kuzipaka rangi. Vichwa vya habari vya magazeti ya Kiingereza navyo hupenda utata wa namna hii. Anayelisoma gazeti kwa kamusi tu, neno kwa neno, atashangaa kwa nini wenzake wanatabasamu.

Katika intaneti. Mwezi wa Oktoba 2021 Josh Wardle, mzaliwa wa Wales, aliweka hadharani mchezo wa Wordle, ambao unatakiwa kubahatisha neno la herufi tano kwa majaribio sita. Kila siku kuna neno moja tu, sawa kwa watu wote. Ulienea kwa kasi kiasi kwamba mwezi wa Januari 2022 ulinunuliwa na kampuni ya gazeti la New York Times.

Katika kukumbuka masomo. BODMAS ni nini kama si mchezo wa maneno? Herufi sita zimepangwa zikawa kama jina la mtu, nazo zinakukumbusha mpangilio wa hesabu, kuanzia mabano mpaka kutoa. Unaweza kufanya hivyo katika tahajia. Unachanganya "hear" na "here"? Kumbuka kwamba ndani ya "hear" limo "ear", yaani sikio, na sikio ndilo linalosikia. Unachanganya "there" na "their"? Ndani ya "there" imo "here", na yote mawili ni ya mahali. Neno "principal" lenye maana ya mkuu wa shule linaishia na "pal", yaani rafiki. Mchukulie mkuu wako kuwa rafiki, hutakosea tena.

MCHEZO NA MTIHANI

Sasa tufike kwenye jambo zito. Wengi wetu tumesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari masomo yakageuka ya Kiingereza. Tatizo tunalokutana nalo si maneno mageni tu. Neno geni halina hatari kubwa, kwa sababu unajua hulijui na utalitafuta katika kamusi. Hatari iko kwenye neno unalolijua, lililobadilisha maana na wewe huna habari. Tazama haya:

"Root" ni mzizi wa mti katika Biolojia, lakini katika hisabati ni kipeuo.
"Mean" ni kumaanisha katika mazungumzo, lakini katika takwimu ni wastani.
"Solution" ni ufumbuzi wa swali, lakini katika Kemia ni mmumunyo, kama chumvi iliyoyeyuka katika maji.
"Power" ni madaraka katika Uraia, ni kipeo katika hisabati, na katika Fizikia ni kiasi cha kazi inayofanyika kwa muda fulani.
"Cell" ni seli ya mwili, ni betri, na ni chumba cha mahabusu.
"Current" ni mkondo wa umeme, ni mkondo wa bahari, na ni jambo la wakati huu.

Mwanafunzi aliyeulizwa "Find the mean" akaanza kutafuta maana ya maneno hana tofauti na mimi niliyejibu ndege. Hakukosa akili. Ameshika maana ya kwanza akakimbia nayo. Mwenye mazoea ya kucheza na maneno hakimbii. Anapoona sentensi haikai sawa, anasimama na kujiuliza: "Je, neno hili lina uso mwingine?" Swali hilo moja ndilo faida kubwa kuliko zote ya michezo hii, na mtu hulizoea kwa kucheza, si kwa kuogopa.

JINSI YA KUANZA

Huhitaji kununua kitu. Chaki na ubao, au kalamu na nyuma ya daftari kuukuu, vinatosha.

(a) Chora mnazi wenye makuti manane. Fikiria neno, weka vistari kwa idadi ya herufi zake, na wenzako wabahatishe herufi moja moja. Kila wakikosa, futa kuti moja. Mnazi ukibaki mtupu, umewashinda.

(b) Jioni, kila mmoja alete neno moja la Kiingereza lenye maana mbili alilokutana nalo katika masomo ya siku ile, atunge sentensi ambayo maana zote mbili zinaweza kuingia.

(c) Andika neno refu, kwa mfano "examination", mshindane kutoa humo maneno madogo kwa dakika tano. Kila neno asomaye ataje na maana yake. Asiyejua maana, pointi hana. Hapa hatutaki ushindi wa kukariri peke yake.

Na tahadhari ni mbili. Usitumie mchezo wa maneno kulikejeli jina la mwenzako au namna anavyotamka, kwani mzaha unaomchekesha mmoja na kumliza mwingine si mchezo tena. Na ukitega fumbo, mwenzako akakosa, mweleze. Usimwache kama nilivyoachwa mimi. Dakika moja ya maelezo ingeniokolea miaka miwili ya kunyamaza.

HITIMISHO

Ndugu wanafunzi, Kiingereza si ukuta. Ni nyumba yenye milango mingi, na baadhi ya milango imeandikwa jina lisilo lake. Wenye nyumba wenyewe wanapotea humo na kucheka. Hivyo basi ukikosea, cheka nao, uliza sababu, kisha nyoosha mkono tena. Siku hizi nafundisha Kiingereza, na kila mwaka, siku ya pili ya kidato cha kwanza, naandika ubaoni sentensi ileile ya magurudumu manne. Kila mwaka kuna mtoto anajibu ndege. Namwambia, "Vizuri sana, umejibu maana ya kwanza. Sasa njoo tutafute ya pili."

ZOEZI

1. Toka "boy" ufike "man" kwa hatua tatu, ukibadili herufi moja kila hatua.
2. Panga upya herufi za "night" upate neno lenye maana ya kitu.
3. Panga upya herufi za "earth" upate kiungo cha mwili.
4. "What gets wetter the more it dries?" Neno lipi limechezewa, na jibu ni nini?

MAJIBU

1. Boy, bay, may, man. 2. Thing. 3. Heart. 4. Limechezewa neno "dries", ambalo ni kukauka na pia ni kukausha. Jibu ni taulo: kadiri linavyokausha, ndivyo linavyolowa.